Uwanja na Kijana Aliyeachwa Kando

Husemwa mara nyingi kwamba mpira huwaunganisha vijana. Sisi twaiona kauli hiyo kuwa nusu ya ukweli. Katika Kigombe, kijiji cha wavuvi na mashamba ya mkonge kati ya Tanga na Pangani, uwanja waweza kumkutanisha mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkata mkonge. Lakini waweza pia kuwateua wenye vipaji na kuwaacha wengine pembeni wakishangilia. Huko si kuunganisha, bali ni kuchuja.

Dawa ya kasoro hiyo ilikwisha kujaribiwa Nairobi. Mwaka 1987, katika mtaa wa mabanda wa Mathare, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana, ambamo timu hujipatia pointi za ligi si kwa mabao tu, bali pia kwa kusafisha mtaa. Hivyo asiyejua kupiga chenga naye huichangia timu yake. Na baadaye wasichana nao wakaundiwa ligi yao.

Basi walimu na wanafunzi, kabla ya kuhesabu vikombe, tuwahesabu waliobaki nje ya mstari. Wahenga walinena: kidole kimoja hakivunji chawa. Mchezo utakuwa nguzo ya utamaduni wetu pale tu kila kidole kitakapopewa kazi.