Mwalimu Ugenini: Mtoro bin Mwinyi Bakari na Kitabu cha «Desturi za Wasuaheli»

Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa Göttingen mwaka 1903, kimesomwa muda mrefu kama ghala ya habari za mila. Atafutaye habari za jando, za ndoa, za utumwa au za uganga huingia ghalani, huchukua akitakacho, kisha huenda zake. Ni wachache walioshughulika kujua ni nani aliyeijaza ghala hiyo, na alikuwa katika hali gani. Swali hilo si udadisi mtupu, maana jibu lake labadili namna ya kukisoma kitabu chenyewe.

Kitabu kilitoka kwa jina la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1887. Chini yake alifundisha Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo watu waliojitayarisha kwenda kutawala nchi aliyotoka yeye. Wahenga husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe alilopewa Mtoro lilikuwa lugha ya mamaye, na shamba alilolimishwa lilikuwa maisha ya watu wake.

Mtoro hakuwa wa kwanza kushika kazi hiyo. Kabla yake alikuwako Amur bin Nasur wa Unguja, ambaye maandishi yake yalitiwa katika mkusanyo wa Büttner wa mwaka 1894. Amur alieleza maisha yake mwenyewe pamoja na mambo aliyoyaona Berlin, na msomaji humwona mgeni akitazama na kustaajabu. Vilevile, katika kitabu cha Safari za Wasuaheli, alichokitoa Velten mwaka 1901, Selim bin Abakari alisimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Humo humo Mtoro naye alieleza safari yake ya Udoe na Uzigua. Kichwa cha habari hiyo chatumia neno «yangu». Msafiri ajitaja, na safari ni mali yake.

Katika Desturi msimulizi wa namna hiyo hayuko. Mambo yamepangwa tangu kuzaliwa kwa mtoto, malezi, chuo, jando na unyago, ndoa, hata maziko na sheria. Mtendaji ni «mtu», au «mwanamke», au «watu». Sentensi nyingi zaanza kwa -ki- ya sharti na kueleza lifanywalo siku zote: jambo fulani likitokea, hufanywa hivi. Huo ndio usemi wa mwalimu ajibuye maswali. Swali halikuandikwa, lakini umbo la jibu lalidhihirisha. Mambo ambayo mtu wa Bagamoyo hangehitaji kuelezwa na jirani yake yamefafanuliwa hatua kwa hatua, kwa ajili ya msikilizaji asiyejua lolote.

Ufafanuzi huo ndio uzuri wa kitabu. Lugha yake ni nyepesi, haina mapambo, wala haikubebeshwa maneno ya Kiarabu ya kujionyesha. Mwandishi wa nathari ya Kiswahili hata leo aweza kujifunza hapo namna ya kueleza jambo gumu kwa sentensi fupi. Lakini papo hapo ndipo penye kasoro. Mtu mmoja akisemeshwa kwa niaba ya taifa zima, tofauti hupotea. Desturi za Mrima zajitokeza kama desturi za Waswahili wote, na msomaji wa Lamu au Mombasa atakuta mengi asiyoyatambua. Ugomvi, shaka na mabadiliko, ambavyo havikosekani katika mji wowote wa bandari, vimefunikwa na neno «desturi».

Yafaa hapa kuwa na hadhari. Lyndon Harries alipotoa maandishi teule ya Velten mwaka 1965, aliyaeleza katika kichwa cha kitabu chake kuwa yalikusanywa kati ya mwaka 1893 na 1896, yaani kabla Mtoro hajafika Berlin. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, ilimtaja Mtoro juu ya jalada, ikaongeza kwamba walikuwako na Waswahili wengine. Basi si haki kumpa Mtoro kila neno, kama isivyokuwa haki kumnyima yote. Kukusanya si kutunga, na aliyeuliza siye aliyejibu.

Mambo yaliyompata baadaye yaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 1904 Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 akaacha kazi katika Seminari. Walipojaribu kwenda Afrika ya Mashariki, wenye mamlaka wa koloni hawakumruhusu mkewe kushuka, wakarudi Ujerumani. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Serikali iliyofaidi maelezo yake juu ya ndoa za watu wake haikuweza kuivumilia ndoa yake mwenyewe. Aliyeandika habari za kwao kwa utulivu mwingi hakupata tena kukaa kwao.

Kwa hiyo Desturi za Wasuaheli si kioo cha pwani tu. Ni kazi ya ugenini pia. Wahariri wa kitabu hiki wana wajibu wa kupambanua mikono iliyokiandika kadiri lugha yenyewe inavyoonyesha, na kuirudisha safari ya Udoe karibu nayo, ili «mimi» aliyenyamazishwa asikike kando ya «mtu» asiye na jina. Hapo Mtoro atahesabiwa miongoni mwa waandishi wa nathari ya Kiswahili, wala si miongoni mwa vyombo vya kukusanyia habari.