Chakula cha Wagiriki Lubumbashi: Kitafutwe Wapi?

Mgeni akifika Lubumbashi na kusikia ya kuwa Wagiriki wamekaa katika mji huu tangu siku nyingi, huuliza mara moja: nitakula wapi chakula chao kizuri? Wenyeji humpeleka katikati ya mji, kwenye mkahawa wenye rangi ya buluu na nyeupe ukutani. Huko huagiza nyama ya kuchoma katika vijiti, saladi yenye jibini nyeupe, na mussaka. Hula, hulipa fedha nyingi, kisha huondoka akisema ya kuwa chakula cha Wagiriki si kitu. Sisi twaona mgeni huyo amedhulumiwa, na Wagiriki wamedhulumiwa pamoja naye.

Tuanze na ile nyama ya vijiti, ambayo wenyewe waiita suvlaki. Kwao Ugiriki ni chakula cha njiani, mtu hula huku amesimama. Basi, Lubumbashi ina michopo! Mbuzi hukatwa mbele ya macho yako, huchomwa juu ya makaa, hutiwa chumvi na pilipili, hufungwa katika karatasi, nawe wajua umekula nini. Atakaye nyama ya kuchoma na aende huko. Kulipia kitambaa cha meza kwa ajili ya nyama iliyo kavu kuliko ya barabarani ni ujinga tu.

Ile jibini nayo ina maneno. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2002, jina la feta limehifadhiwa kwa jibini ya Ugiriki peke yake, tena ya maziwa ya kondoo, au ya kondoo yaliyochanganywa na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30. Jibini ya ng'ombe inayowekwa juu ya nyanya katika mikahawa mingi ya dunia haina ule ukali. Ni nyeupe na ina chumvi, basi. Nyanya za hapa ni nzuri na vitunguu ni vizuri; afadhali kuziacha bila jibini kuliko kuzifunika kwa kitu kisicho na ladha.

Na mussaka? Hapa wengine watatukasirikia. Biringanya zapatikana kwetu kwa wingi, na mpishi mwenye subira aweza kuzikaanga vema pamoja na nyama ya kusaga. Taabu huanzia juu, katika ule mchuzi mweupe wa maziwa, siagi na unga. Watu wengi hudhani ni desturi ya mababu wa Wagiriki. Sivyo. Aliyeueneza ni mpishi Nikolaos Tselementes, aliyezaliwa mwaka 1878, mtu aliyependa sana mapishi ya Kifaransa, ambaye vitabu vyake viliingia katika nyumba nyingi za Ugiriki. Hatusemi alikosa. Twasema tu ya kuwa mchuzi huo wataka maziwa mazuri. Ukifanywa kwa maziwa ya unga, kama tulivyoukuta mara nyingi, huwa mzito kama gundi, na biringanya chini yake haisikiki tena kinywani.

Kwa hiyo orodha ya vyakula yenye majina matatu yanayojulikana ulimwenguni kote haituonyeshi Wagiriki wa Lubumbashi walikula nini. Ili kulijua hilo yafaa tukumbuke walikuja kufanya kazi gani.

Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa na wafanyakazi wengi wa kulishwa, na unga wa mahindi peke yake haukutosha; mtu hali bukari bila kitoweo. Wagiriki waliliona jambo hilo. Walikwenda Kasenga, kando ya mto Luapula, kiasi cha kilometa 200 kutoka mjini, wakafanya biashara ya samaki kwa mashua, barafu na malori. Wengine walitoka kisiwa cha Rhodes, kilichotawaliwa na Waitalia tangu mwaka 1912 mpaka baada ya Vita vya Pili. Wakristo walikuja na Wayahudi walikuja. Nissim Soriano, baba yake Moïse Katumbi aliyekuwa gavana wa Katanga tangu mwaka 2007 hadi 2015, alikuwa mmoja wa Wayahudi hao wa Rhodes, naye pia alifanya biashara ya samaki.

Basi watu wa visiwani, waliozoea samaki tangu utoto, wakajikuta mbali kabisa na bahari, lakini samaki wamejaa mikononi. Chakula chao kizuri hapa kilitoka huko. Samaki mzima hukatwa mistari ubavuni, hutiwa chumvi, huchomwa juu ya makaa. Akitoka motoni hupigwa pamoja mafuta ya zeituni na maji ya limau, akamiminiwa angali moto. Mafuta hayo hutoka mbali na bei yake ni kubwa, lakini hutumika kijiko kimoja au viwili, wala si ya kukaangia. Tilapia wa ziwa Mweru aliyepikwa hivyo ni chakula cha Kigiriki hasa. Pweza na ngisi waliogandishwa, waliovuka nchi mbili tatu ndani ya sanduku, ni Wagiriki kwa jina tu.

Walakini asifuye meza hiyo hana budi kutaja mpumbu. Samaki huyu alikuwa akipanda mto Luapula wakati wa mvua ili kutaga mayai, na hapo ndipo nyavu zilipomngojea. Alivuliwa pamoja na mayai yake, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu migodi ilitaka samaki na wafanya biashara walitaka faida. Kufika mwaka 1950 hivi alikuwa karibu kwisha. Wavuvi wa pande zote mbili za mto ndio waliobaki na nyavu tupu, na wenye malori wakatafuta samaki wa namna nyingine. Hatuwezi kuandika juu ya utamu wa samaki wa Kasenga kana kwamba alijileta mwenyewe mezani.

Kuna na jambo la pili lisilotajwa: nani alipika? Kwa miaka mingi, katika nyumba nyingi za wageni wa Ulaya mjini, Wagiriki nao wakiwamo, mwenye kushika sufuria alikuwa Mkongo. Alijifunza kwa kutazama na kuonja, bila kitabu. Kisha, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza ya kuwa biashara za wageni zitatiwa mikononi mwa wananchi. Wagiriki wengi walifunga mizigo. Mwaka 1976 baadhi ya mali iliruhusiwa kurudishwa, lakini si wote waliorudi, na uporaji wa Oktoba 1991 uliwaondoa wengine. Wenye nyumba walikwenda zao, wapishi wakabaki.

Tumekula kwa mzee mmoja wa namna hiyo, na twathubutu kusema ya kuwa supu yake ya mayai na limau yazidi yote tuliyolipia mjini. Kuku wa kijijini huchemshwa muda mrefu, wali mdogo hutiwa katika mchuzi. Mayai hupigwa kando pamoja na maji ya limau, kisha mchuzi wa moto huongezwa humo kijiko kwa kijiko, ili mayai yazoee joto. Ndipo yote hurudishwa ndani ya sufuria iliyoondolewa motoni. Mpishi mwenye haraka ataona mayai yameganda vipande vipande, na hapo hakuna dawa. Mzee alituandalia supu hiyo pamoja na bukari badala ya mkate. Mgiriki wa Athens huenda angeshangaa. Sisi tuliomba tena.

Mzee huyo hapiki mkahawani. Alipoomba kazi aliambiwa hana cheti. Kijana mwenye cheti ndiye afanyaye mchuzi ule wa gundi.

Tena yako majani. Wagiriki huchuma majani ya porini, huyachemsha, huyakamua maji, huyatia mafuta na limau. Lenga-lenga yetu yakubali mapishi hayo bila ubishi. Bamia hupikwa kwa nyanya na vitunguu mpaka mafuta yajitenge. Maharagwe vivyo hivyo. Sababu ya wingi wa vyakula hivi ni mfungo. Waorthodoksi wakati wa Kwaresima huacha nyama, maziwa na mayai, na siku nyingi hata samaki, basi mama zao walilazimika kuwa hodari wa mboga. Kila kitu kinachotakiwa, isipokuwa yale mafuta, kiko sokoni Lubumbashi asubuhi yoyote. Hata hivyo hutakiona katika orodha ya mkahawa. Mwenye mkahawa aogopa ya kuwa mteja aliyevaa viatu vizuri atasema, "Haya nayala nyumbani." Labda atasema hivyo kweli. Lakini mteja huyo huyo, akipelekwa Ugiriki, atasifu majani hayo na kuyalipia kwa euro.

Basi mgeni aulize hivi. Leo samaki ametoka wapi? Iko supu ya mayai na limau? Iko bamia? Mhudumu akisema hayamo katika orodha, na aombe kusema na mpishi mwenyewe, maana mara nyingi mpishi ajua zaidi ya ile karatasi. Akiwa na rafiki katika jumuiya ya Wagiriki, ambayo ina kanisa lake la Kiorthodoksi na shule yake mjini, akubali kila mwaliko wa Pasaka yao, ambayo mara nyingi haiangukii siku moja na yetu. Pale atakuta mayai mekundu na mwana-kondoo, na hakuna atakayemwuliza kama atakula.

Jambo la mwisho ni la majira. Upande wa Zambia, uvuvi wa Mweru na Luapula hufungwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Mgeni wa mwezi wa Januari anayeletewa samaki mkubwa mwenye mayai tumboni asiache kuuliza amevuliwa wapi; na kama jibu si zuri, aagize bamia.