Mamba Muntu na Swali la Mali

Kati ya picha zilizochorwa kwetu Kongo, chache zimejulikana kama Mamba Muntu. Miaka ya 1970, kule Lubumbashi, wafanyakazi wengi waliitundika ndani ya salo, imechorwa juu ya nguo ya mifuko ya unga. Tuiangalie vizuri. Mwanamke mweupe ameketi kando ya maji, kati ya majani na miti. Nywele zake ni ndefu. Kutoka kiunoni kwenda chini ni samaki. Nyoka yuko pamoja naye, na mara nyingi mkononi kuko saa.

Wahubiri wanasemaka: ni shetani, basi. Wengine wanaitetea kama mila ya mababu. Sisi hatufuati hao wala hao. Neno la wahubiri linafunga mazungumzo kabla hayajaanza. Na mababu hawakuvaa saa. Tena, ule mkia unafanana na wa sireni ya Wazungu, na sura maarufu ya Mami Wata mwenye nyoka, huko Afrika Magharibi, ilitokana na picha iliyochapwa Hamburg, Ujerumani, miaka ya 1880.

Maana yake tuitafute katika masimulizi yanayoifuata. Mwanaume akipata nywele au kitana cha yule mwanamke, anatokewa usiku. Akikubali masharti, anatajirika. Lakini lazima anyamaze. Akifungua kinywa, anaangamia.

Sasa tulinganishe na Mwindo, utendi wa Wanyanga wa Walikale, uliosimuliwa na She-Karisi Rureke na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mule pia kuko mwenye maji: Mukiti, nyoka mkubwa. Lakini Mukiti anakuja kwa Shemwindo kuposa dada yake Iyangura. Watu wanashauriana, mahari inatajwa na kutolewa. Baadaye Shemwindo anapomfunga mtoto wake Mwindo ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, mtoto anamtafuta shangazi yake mule mule majini. Ile mahari ilikuwa imefungua njia ya ujamaa.

Hapo ndipo tunaona uzito wa Mamba Muntu. Mali ya Mukiti inapita mchana, mbele ya wakwe. Mali ya Mamba Muntu inakuja usiku, na inamtenga mtu na ndugu zake.

Kwetu Masisi na Walikale jambo hili linagusa. Tunajua koltani ya Rubaya na kasiteriti ya Bisie, iliyoanza kuchimbwa karibu mwaka 2002. Mtu akitajirika kwa miezi michache, haikawii kusemwa: «Yule iko na mamba muntu.» Tujihazari na neno hilo. Linaweza kumtia uchawi mtu aliyetoka jasho shimoni, na tena kumfunika mnyang'anyi, kwa sababu nani atamwomba nyoka hesabu? Picha inauliza vizuri mali imetoka wapi. Jibu tulitafute kwa watu.

Na mchoraji wa kwetu akitaka mwanamke wa maji, Iyangura yuko. Amchore ukingoni, pamoja na wazee wanaohesabu mahari.