Mungu wa Cylon na Akuj

Battlestar Galactica (2004–2009) niliimaliza kwa simu, Lodwar, baada ya kuachana na chuo. Mashine zinazoitwa Cylon zinamwamini Mungu mmoja. Binadamu wana miungu mingi, na ndio wakimbizi. Vipindi vingi vinaanza na hesabu ya waliosalia, na rais huiandika ubaoni kwa mkono. Mtu wa Kakuma, kambi iliyoanza 1992, haelezwi hiyo hesabu: mgao unafuata idadi. Hapo ndipo imani kwenye hii sinema ina uzito. Unamwomba nani na kesho namba itapungua?

Mwisho ndio uliniudhi. Wanatua duniani, Afrika, miaka 150,000 iliyopita, wanaamua kuwapa wenyeji kilicho bora chao. Wenyeji wenyewe tunawaona kwa darubini tu, eti bado hawajui kusema. Jamani! Sisi huku tuko na Nariokotome, mifupa ya kijana wa miaka kama milioni 1.5, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu 1984. Na Akuj hakushushwa na chombo cha mtu. Misimu minne waandishi wanauliza kama mashine ina roho; huyu wa kwenye darubini hawakumuuliza hata jina. Msimu wa kwanza nautazama tena, lakini.