Ritifaa ya Hanang': Herufi, Mabango na Majina ya Mahali Wilayani Mbulu na Hanang'

Tangu Landry na Bourhis (1997) walipoyatazama mabango ya barabarani, majina ya mahali na maandishi ya maduka na majengo ya umma kama kielelezo cha uhai wa lugha, uchunguzi wa mandharilugha umeegemea sana kuhesabu. Bango hupigwa picha, lugha yake hutajwa, kisha idadi hulinganishwa. Katika jiji kubwa njia hiyo ina mavuno yake. Mabango ya biashara ya Dar es Salaam aliyoyashughulikia Bwenge (2009) ni uwanja ambamo Kiswahili na Kiingereza hugombea nafasi waziwazi.

Njia hiyo ikipelekwa Mbulu na Hanang' huleta jibu jepesi mno. Wilaya hizi za Mkoa wa Manyara ni makazi ya Wairaqw, wenye lugha ya Kikushi. Wadatoga, wenye lugha ya Kiniloti. Na, upande wa Bonde la Yaeda, Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na nasaba na nyingine yoyote. Wapo pia wazungumzaji wa lugha za Kibantu. Hata hivyo, kinachosomeka njiani ni Kiswahili pamoja na Kiingereza kiasi: "Duka la Dawa Muhimu", "Pembejeo za Kilimo", "Nyumba hii haiuzwi". Mwenye kuhesabu ataandika sifuri kwa Kiiraqw na sifuri kwa Kidatoga. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sifuri hiyo inapotosha. Lugha hizo zimo ndani ya mabango yayo hayo ya Kiswahili, zikiwa zimejihifadhi katika majina ya mahali, na kipimo cha kuwapo kwake ni herufi, si bango.

Mfano ulio wazi zaidi ni jina la wilaya yenyewe. Huandikwa Hanang', huandikwa pia Hanang, na maumbo yote mawili yamo hata katika maandishi ya kiofisi. Kwa kanuni za tahajia ya Kiswahili, tofauti hiyo si pambo: ng' ni nazali moja, ilhali ng ni nazali inayofuatwa na kipasuo. Lakini katika msamiati wa kawaida wa Kiswahili ng' hutanguliwa au kutotanguliwa na silabi nyingine, na daima hufuatwa na irabu, kama katika ng'ombe, ng'ambo na king'ora. Katika Hanang' ritifaa imebaki mwishoni, haina cha kuegemea. Kwenye bango la herufi kubwa, HANANG' huonekana kama neno lililodondokewa na tone la rangi, au kama alama ya kunukuu iliyopoteza mwenzake. Jicho lililozoea Kiswahili halina sababu ya kuihifadhi. Ikiachwa, maandishi hukaa sawa katikati ya ubao, na msomaji mgeni huongozwa kwenye matamshi yasiyo ya wenyeji. Balangdalalu, ambayo huandikwa pia Balang'dalalu, ina tatizo lilo hilo katikati ya neno.

Upande wa Mbulu mvutano ni wa herufi zenyewe. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haina q wala x. Jina la kata ya Masqaroda linadai q, na jina la Wairaqw linadai qw, kwa sauti ambazo Kiswahili hakina. Katika jina la Tlawi, tl ni tahajia ya Kiiraqw kwa konsonanti moja, ingawa msomaji wa Kiswahili huona konsonanti mbili zilizogongana. Anayeandika k badala ya q hajakosea Kiswahili, amekifuata kikamilifu. Hapo ndipo usahihi wa lugha moja unapokuwa ufutaji wa nyingine.

Hata hivyo, si kila badiliko ni hasara. Endasak huitwa na kuandikwa pia Endasaki. Irabu hiyo ya mwisho imezaliwa na sikio: jina limepokewa katika Kiswahili kwa kanuni ya silabi wazi, nalo hutamkwa kama linavyoandikwa. Kuachwa kwa ritifaa ya Hanang' ni jambo la namna nyingine, kwani hakumwakilishi msemaji yeyote; ni zao la jicho na brashi, au la kibodi. Mhakiki asiyetenganisha utohozi wa sikio na upungufu wa maandishi atavilaumu vyote viwili kwa pamoja, au kuvisamehe vyote kwa pamoja.

Uzito wa suala hili hudhihirika kwenye kibao cha shule. Katika vijiji vingi hicho ndicho andiko kubwa kuliko yote: jina, sanduku la posta, pengine na kaulimbiu. Mtoto hulinakili jina hilo juu ya daftari lake kabla hajajua kwamba lingeweza kuandikwa vingine, na umbo alilozoea humfuata katika fomu na barua za maisha yake. Maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoikumba Katesh na vijiji vya jirani, yaliifanya nchi nzima kulisoma jina la Hanang', mara likiwa na ritifaa, mara bila. Watu wengi walikutana na jina hilo kwa mara ya kwanza siku za msiba, na wengi wao walikutana na umbo pungufu.

Fundi wa mabango, kwa hiyo, hufanya kazi ya mhariri bila kukabidhiwa kanuni. Kumlaumu yeye ni kulaumu mkono wa mwisho katika mnyororo mrefu unaoanzia ofisini na darasani. Uchunguzi wa mandharilugha katika maeneo ya aina hii unapaswa kushuka kutoka kwenye bango hadi kwenye herufi: kuorodhesha maumbo yote ya jina moja, kuyalinganisha na matamshi ya wenyeji, na kubainisha ni kipi kimeongezwa na sikio na kipi kimeangushwa na mkono. Ukifanyika hivyo, safu iliyoandikwa sifuri itaanza kujaa, pengine kwa kuanzia na alama isiyozidi ncha ya brashi.