Kukata rezo ni rahisi, kurudisha njo kazi

Kuna jambo moja lenye linatuangusha wakati wa kudepoze TFC: ordinatere inakatwa kwenye rezo ya chuo juu ya virusi, kisha hakuna anayejua itarudi namna gani.

Ilinifikia mimi mwenyewe. Asubuhi moja mashine yangu iliona wifi, lakini hakuna ukurasa wenye kufunguka. Nikazima, nikawasha, nikalaumu hata muuza mega. Siku ya tatu asistanti mmoja akaniambia: "Adresi yako ya MAC imefungwa, iko na virusi." Virusi gani? Hakujua. Nifanye nini ili nifunguliwe? "Weka antivirusi, kisha urudi."

Nianze na haki yao. Kunikata haikuwa ubaya. WannaCry, mwezi wa 5 mwaka 2017, ilipita toka ordinatere moja hadi ingine ndani ya rezo bila mtu kubonyeza kitu, na Microsoft ilikuwa imetoa pachi tangu mwezi wa 3. Mashine zaidi ya 200 000 ziliguswa. Mwenye kuacha mashine mgonjwa kati ya nzima kwa huruma, anaambukiza zote.

Lakini kukata ni mwanzo tu. Mwongozo wa NIST ya Marekani wa mwaka 2012 uliweka pamoja kuzuia, kung'oa na kurudisha. Sisi tulichukua ya kwanza, mbili tukaziacha. Eti weka antivirusi: kwa njia gani, na rezo imefungwa? Mizajuru inaomba intaneti, na intaneti inaomba mizajuru! Mwenye pesa ananunua mega. Asiye nazo anabeba flashi kwenda sibere, na flashi ile njo inarudisha ugonjwa: unaifungua, mafolda yote yamefichwa, unaona marakursi tu.

Tena, "antivirusi inasema iko safi" haitoshi. Antivirusi inaona yenye inajua. Programu mbaya ikishapata haki za administrateri, inaweza kumzima mlinzi mwenyewe. Mwishowe niliokoa faili za TFC tu, programu hapana hata moja. Nikatayarisha flashi ya Windows kwenye ordinatere nzima ya rafiki (zaidi ya giga 4, alinivumilia kweli), nikafuta diski yote, nikaweka mfumo upya pamoja na pachi. Maneno ya siri niligeuzia kwa mashine ya rafiki, kwa sababu kuyageuza kwenye mashine yenye virusi ni kumpa mwizi ufunguo mpya.

Nikarudi kwa asistanti. Alinifungulia bila kuangalia kitu, hata kifuniko hakukiinua. Hiyo iliniuma kuliko kukatwa: kama ningedanganya, angenifungulia vilevile, na kesho yake virusi ingekuwa kwa jirani.

Chenye ninaomba si kikubwa. Siku ya kukata, mtu aambiwe dalili gani imeonekana na amuone nani. Iwepo rezo ndogo ya pembeni, yenye kufika kwenye mizajuru peke yake. Vyuo vingine vinafanya hivyo, na haiombi mashine za ajabu. Na kabla ya kufungua, mtu aangalie kweli.

Mwenzetu mmoja alikosa sesio ya kwanza juu ya jambo hili. TFC yake iko tayari, na ordinatere ingali imefungwa.