Rihla ya Sayyid Barghash: Kitabu na Jumba

Kitabu kielezacho ziara ya Sayyid Barghash bin Said huko Ulaya mwaka 1875 kinajulikana sana kwa wanahistoria, bali wahakiki wa fasihi ya pwani hukipita kando. Sababu yake si ngumu kuitambua: kimeandikwa kwa Kiarabu. Walakini yafaa kichunguzwe, maana ndani yake mna swali ambalo mwanafunzi wa nathari ya Kiswahili hana budi kulikabili.

Jina lake ni Tanzih al-absar wa-l-afkar fi rihlat sultan Zanjibar, yaani kuyaburudisha macho na fikra kwa safari ya Sultani wa Zanzibar. Hata jina lina vina, nalo latangaza kwamba hii ni rihla, fani ya zamani yenye adabu zake. Yeye asomaye ili apate siri ya moyo wa Sultani atatoka mikono mitupu. Katibu Zahir bin Said ndiye aliyeandika habari. Louis Sabunji, padri wa Kisuriani aliyekuwa mhariri wa gazeti la An-Nahla mjini London, akazipanga na kuzichapisha. Basi kati ya jicho la Sultani na karatasi zimepita kalamu mbili, na hiyo ya pili ni ya mtu ambaye kwake Zanzibar, wala si London, ndiyo iliyokuwa mbali. Ajabu ya nani inayosomwa humo?

Tena yapasa kukumbuka hali ya mgeni mwenyewe. Mwaka 1872 tufani ilikuwa imeangusha mikarafuu ya Unguja. Juni 1873 alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, baada ya kutishwa kuzingirwa na manowari. Katika ziara alifuatana na John Kirk, balozi aliyeusimamia mkataba ule, na maneno yake yakafasiriwa na G. P. Badger, mwanachuoni ambaye kamusi yake ya Kiingereza na Kiarabu ilitoka mwaka 1881. Mtu akiusifu mji wa wale waliomlazimisha, sifa ile ina kazi yake. Ni heshima, ni siasa, yamkini ni mapenzi pia, lakini msomaji asianze na hayo mapenzi.

Wako wasemao kwamba matunda ya safari yaonekana Forodhani, katika Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883, na kwamba jumba hilo ni nakala ya Ulaya. Kauli hii ina haraka. Ni kweli kwamba London ya 1875 ilikuwa mji wa chuma na kioo. Crystal Palace ilikuwa imesimama Sydenham tangu 1854. Na nguzo za Beit al-Ajaib ni za chuma cha kusubu, zilizoletwa kwa merikebu. Lakini nguzo zile zilichukua baraza pana zilizozunguka nyumba yote, jambo la nchi ya jua na pepo za kusi na kaskazi. Na milango mikubwa imechongwa nakshi na aya za Kurani. Isitoshe, Barghash alikuwa amekwisha kuiona Bombay alipohamishiwa huko mwaka 1859, miaka mingi kabla ya kuiona London. Aliyejenga hapo alichagua, hakunakili.

Na jina? Neno ajaib ni la rafu ileile ya vitabu vya safari. Rihla ya Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, inalo katika anwani yake: ajaib al-asfar, maajabu ya safari. Kwa Kiswahili, hata hivyo, neno hilo lina pande mbili. Ajabu ni kitu cha kupendeza, tena ni kitu cha kutilia shaka. Ndiyo maana methali yasema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Atamkaye Jumba la Maajabu amebakiza nafasi ya kutikisa kichwa, nafasi ambayo nathari ya Sabunji haiwezi kuitoa.

Hapo ndipo penye hasara. Haifai kusema kwamba Kiswahili hakikuwa tayari. Edward Steere alikuwa amechapisha hadithi za Unguja mwaka 1870, nathari nyepesi, yenye kicheko. Lakini matbaa aliyoiweka Sultani baada ya safari ilichapa fikihi ya Kiibadhi kwa Kiarabu. Hiyo ndiyo lugha iliyohesabiwa kuwa ya kitabu.

Rihla ya Kiswahili ilikuja kwa mlango wa uani. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtu mwenye asili ya Ngazija, alikwenda Urusi na Siberia akimtumikia Mjerumani Bumiller. Habari yake ikatiwa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli, mwaka 1901. Hapa pia kuna mhariri mgeni, nalo lisifichwe. Hata hivyo Salim aeleza jinsi watu wa Urusi walivyoikazia macho rangi yake, na hivyo mtazamaji akageuka kitu cha kutazamwa. London nayo ilimtazama Sultani. Magazeti ya picha yalimchora kilemba na joho lake. Jambo hilo mtumishi aliweza kulisema kwa lugha yake, hali katibu wa mfalme alibanwa na adabu ya fani na cheo cha bwana wake.